Asili si Kinga, Kiwanda si Sumu



Sokoni siku hizi neno "asili" limegeuka muhuri. Mnunuzi akiambiwa unga ni wa asili, hudhani hana la kuuliza tena. Tahadhari inahitajika hapo hasa.

Sumukuvu ni kitu cha asili. Hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nayo ilitoka katika mahindi, si katika makopo ya kiwandani. Kupika hakuimalizi. Muhogo mchungu nao una sumu yake ya asili. Kuumenya, kuuloweka na kuukausha ndiko kunakoufanya uwe chakula. Maziwa mabichi huweza kubeba ugonjwa wa brusela, na dawa yake ni kuyachemsha. Kazi hizo zote ni usindikaji, nasi tumezirithi kwa mama zetu.

Kiwanda nacho hakistahili kusifiwa wala kulaumiwa kwa jumla. Chumvi yenye madini joto hukinga tezi la shingo, na imetoka kiwandani. Soda na biskuti pia zimetoka kiwandani, lakini zikigeuzwa mlo wa kila siku, sukari yake huudhuru mwili.

Tazameni dona na sembe. Dona hubaki na nyuzinyuzi na vitamini zinazopotea katika kukoboa. Hata hivyo, mahindi yakiwa na ukungu, sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa katika pumba na kiini. Basi dona ni bora mradi mahindi yawe safi.

Kwa hiyo, msiulize tu kama chakula ni cha asili. Ulizeni kimekaushwa wapi, kimehifadhiwaje na kimeongezwa nini. Anikeni mazao juu ya turubai, si juu ya udongo. Punje zilizovunda zitengwe. Asipewe hata ng'ombe, kwa maana sumu hupitia katika maziwa. Katika bidhaa za pakiti, someni viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya TBS.

Ndizi na maharage ya Karagwe ni mlo wa kujivunia. Tuutunze kwa maarifa, tusiutegemee jina.