Kelele za Mgodi na Uhai wa Sikio

  Leo tunazungumzia uziwi unaotokana na kuharibika kwa sikio la ndani.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojiviringa kama konokono. Kina chembe 15,000 hivi zenye vinywele. Hizo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupitisha kwenye mshipa wa fahamu hadi ubongoni. Zikifa, mwili hauoteshi nyingine.

Nini kinaziua? Huku kwetu Kongo, kuanzia Musonoi hadi Fungurume, tangu enzi za kampuni za migodi za Union Minière na Gécamines hadi kampuni za leo, kazi ya shaba ni kazi ya kelele: kutoboa mwamba, kulipua baruti, kusaga mawe. Kelele ya desibeli 85 kikomo chake ni saa 8 kwa siku. Ikizidi kwa desibeli 3 tu, muda huo unakatwa nusu. Ikifika desibeli 100, kikomo ni robo saa.

Tena madhara haya hayaumi. Mchimbaji anatoka zamu masikio yakivuma. Kesho yametulia, anadhani amepona. Miaka ikipita, anasikia watu wakiongea lakini hapambanui maneno. Akiwa shimoni, king'ora kinaweza kumpita. Nyumbani anajitenga na mazungumzo, upweke unamwingia.

Kelele si chanzo pekee. Homa ya uti wa mgongo, surua na matumbwitumbwi huharibu sikio. Vivyo hivyo sindano za antibiotiki ya gentamisini zikitumiwa vibaya. Rubela kwa mama mjamzito inaweza kusababisha mtoto azaliwe bila kusikia, na mtoto asiyesikia huchelewa kusema.

Tufanyeje? Vaeni vizibo vya masikio zamu nzima. Pumzikeni mbali na mashine na jenereta. Wapelekeni watoto wakapate chanjo. Msichomwe sindano bila agizo la daktari. Na sikio likiziba ghafla bila sababu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa husaidia zaidi siku za mwanzo. Uziwi wa kelele hautibiki. Kifaa cha kusikia husaidia tu.

Akina mama, vijana, mara nyingi ninyi ndio mnaotambua mapema. Baba akianza kuongeza sauti ya redio na kuuliza "umesema nini?" kila mara, msimkasirikie. Mpelekeni akapimwe, kabla hajarudi zamu nyingine bila kinga.