Jasho na Ratiba: Jinsi Mwili Unavyozoea Joto



Sehemu kubwa ya elimu tuliyonayo kuhusu namna mwili wa binadamu unavyozoea joto ilipatikana chini ya ardhi, kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Miili iliyopimwa huko ilikuwa ya vijana wa Kiafrika kutoka Msumbiji, Nyasaland na Basutoland, na baadaye hata wa kwetu Tanganyika, waliotoka Rungwe na wilaya za jirani wakichukuliwa na Wenela, wakala wa kuandikisha vibarua wa migodi hiyo. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini wanalijua jina hilo. Naanzia huko kwa sababu kanuni nitakayoitetea leo ililipiwa na watu hao, na inaniuma kwamba wajukuu wao wanakimbizwa kwenye viwanja vyetu mchana wa Februari na watu ambao hawajawahi kuisikia.

Kadiri mgodi unavyoshuka, mwamba unazidi kuwa wa moto. Lakini joto la mwamba peke yake halikuwa tatizo kubwa kuliko yote. Vumbi la mawe lilikuwa likiharibu mapafu ya wachimbaji, na ili kulizuia, kuta na mawe yakawa yananyunyiziwa maji. Vumbi likapungua, ila hewa ikajaa unyevu. Katika miaka ya 1920 wachimbaji wakaanza kufa kwa kiharusi cha joto, na wengi wao walikuwa wageni wa kazi, waliokuwa na siku chache tu tangu washuke.

Katikati ya miaka ya 1930, daktari Aldo Dreosti wa mgodi wa City Deep alianza kuwapima waajiriwa wapya kabla hawajapewa kazi nzito. Kila mmoja aliingizwa kwenye chumba cha joto na unyevu, akapewa koleo, akahamisha mawe kwa saa nzima. Joto la mwili lilipimwa kabla na baada. Aliyestahimili vizuri alipewa siku chache za kuzoea. Ambaye mwili wake ulipanda joto upesi alipewa siku nyingi zaidi, hadi 14. Miaka ya 1960 utaratibu ukahamia kwenye vyumba maalumu juu ya ardhi: wanaume walipanda na kushuka kizingiti kwa mdundo mmoja, muda wa saa nne kila siku kwa siku nane, huku wasimamizi wakipita na vipimajoto.

Sitaipamba historia hiyo. Kampuni zilipima kwa sababu kifo cha mchimbaji kilikuwa hasara, na kijana aliyesimama kwenye kizingiti kile hakuwa na nafasi ya kukataa. Hata hivyo, kilichoonekana ndani ya vyumba vile kimethibitishwa mara nyingi tangu hapo, na maabara nyingi, kwa wanajeshi, wakimbiaji na wachezaji wa mpira. Mtu yuleyule, katika joto lilelile, kwa kazi ileile iliyokaribia kumwangusha siku ya kwanza, baada ya wiki moja au mbili anaifanya akiwa na mapigo ya moyo machache zaidi na mwili wenye joto dogo zaidi. Misuli haijaongezeka. Ujasiri wake ni uleule. Amepewa siku tu.

Ndani ya siku hizo kunatokea nini?

Msuli unapofanya kazi, robo tu ya nishati yake au chini ya hapo ndiyo inayogeuka kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto. Mtu wa kilo 60 anayekimbia kilomita 12 kwa saa hutengeneza joto la kutosha kuupandisha mwili wake takribani nyuzi moja kila dakika tano au sita, kama joto hilo lingekosa pa kutokea. Kwa hesabu hiyo nusu saa ingetosha kumwua. Anapona kwa sababu ya jasho: lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huchukua kilokalori 580 hivi, ambazo ni karibu joto lote analotengeneza kwa saa nzima.

Lakini lazima likauke hapohapo kwenye ngozi. Jasho linalodondoka chini ni hasara tupu. Mwili umetoa maji na chumvi bila kupata ubaridi wowote. Na jasho halikauki kwenye hewa iliyokwisha kujaa maji, kama vile nguo zilizoanikwa siku ya mawingu mazito zinavyobaki na unyevu hadi jioni. Ndiyo maana nyuzi 32 za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa kaskazi ni mzigo mkubwa kuliko nyuzi 35 za mahali pakavu kama Dodoma. Tukitazama kipimajoto cha kawaida peke yake tunajidanganya. Miaka ya 1950, baada ya makuruta wengi kuanguka kwenye kambi ya Parris Island huko Marekani, wataalamu walitengeneza kipimo kinachojumlisha joto la hewa, ukali wa jua na unyevu. Asilimia 70 ya kipimo hicho hutokana na kipimajoto kilichovikwa kitambaa chenye maji. Joto la hewa tunalolisikia kwenye taarifa ya hali ya hewa limepewa asilimia 10 tu.

Wakati huohuo moyo unavutwa pande mbili. Misuli inataka damu ili ifanye kazi, na ngozi inaitaka damu hiyohiyo ili ilitoe joto nje. Maji yanapopotea kwa jasho, damu inapungua na moyo unalazimika kupiga upesi zaidi. Mgeni wa joto anayeona mapigo yanakwenda mbio kwa mwendo ambao kwao ni wa kawaida kabisa hajalegea. Moyo wake unahudumia mabwana wawili.

Mabadiliko ya kwanza huanzia hapo. Katika siku tatu hadi sita za mwanzo, mwili unashikilia maji na chumvi zaidi, na utegili, ule umajimaji wa damu, unaongezeka. Moyo unapata cha kusukuma na mapigo yanashuka. Jasho linachelewa kidogo kubadilika, lakini kati ya siku ya tano na ya kumi na nne linaanza mapema zaidi, kabla joto la mwili halijapanda sana, na linatoka kwa wingi zaidi. Na tezi, zikiongozwa na homoni ya aldosteroni, zinarudisha chumvi mwilini kabla jasho halijafika juu, hivyo aliyezoea hupoteza chumvi kidogo zaidi katika kila lita. Kwangu mimi, baada ya miaka yote ya kufundisha fiziolojia, hili bado ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote mwilini: kiungo kidogo kisichoonekana kwa macho kinajifunza uchumi ndani ya wiki mbili.

Mwili haujifunzi hayo kwa kukaa tu. Anayeishi Kinondoni lakini anatoka chumba chenye kiyoyozi, anapanda gari lenye kiyoyozi na kuingia ofisi yenye kiyoyozi, amezoea joto kidogo sana kuliko anavyodhani. Kinachofundisha ni kazi ndani ya joto, kwa kiasi, kama saa moja au saa moja na nusu kwa siku, mfululizo. Na somo husahaulika. Siku chache za kupumzika hazina neno, lakini wiki tatu au nne mahali pa baridi hufuta sehemu kubwa ya faida. Angalieni kalenda yetu. Mchezaji anakwenda kwao Moshi au Njombe kwa Krismasi, anakaa hadi shule au ligi irudi, kisha anashuka Pwani Januari, kaskazi ikiwa imepamba moto. Siku ya kwanza anakimbizwa kuliko siku yoyote ya mwaka, eti atoe uzembe wa likizo. Sijui mpango mwingine unaofaa zaidi kumwangusha mtu.

Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, inaeleza kwamba karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza ya mfanyakazi, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Nawaomba mzitafakari takwimu hizo. Jua la siku ya kwanza na la siku ya ishirini ni moja. Kwa hiyo ushauri wanaopewa waajiri huko ni kwamba mgeni aanze na sehemu ya tano tu ya kazi ya kawaida siku ya kwanza, kisha aongezewe sehemu kama hiyo kila siku. Kwa hesabu hii, suala la joto ni suala la ratiba, na wanaozihitaji zaidi siku za kuzoea ndio wasioshika ratiba: kuruta, mwanafunzi, kibarua wa ujenzi, mchezaji mpya anayetaka kocha amwone. Kijana wa namna hiyo hatainua mkono kusema amechoka. Anayepanga saa za mazoezi ndiye mwenye dhamana. Nchi ya Qatar, ambako vijana wengi wa Kenya na Uganda wamekwenda kufanya kazi, tangu 2021 imekataza kazi za nje juani kati ya saa 4 asubuhi na saa 9:30 alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Amri ya aina hiyo inamwondolea kibarua mzigo wa kuomba huruma.

Mnaokimbia wenyewe, na nafurahi kuona vikundi vya jogingi vimejaa barabarani kila Jumamosi, ratiba mnayo mikononi. Itumieni. Alfajiri ni bora kuliko alasiri, ingawa Pwani unyevu wa alfajiri ni mkubwa, kwa hiyo msidhani kukosekana kwa jua kumemaliza kazi. Mwendo ndio kinga kubwa. Kwenye mbio za dunia za Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza karibu na usiku wa manane ili kukwepa jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2:32:43. Januari ya mwaka huohuo, Dubai, alikuwa amekimbia 2:17:08. Bingwa wa dunia alikubali kupoteza dakika 15. Kwa nini mtumishi wa benki mwenye miaka 45 ang'ang'anie muda wake wa Julai mwezi Februari?

Kuhusu maji, jipimeni uzito kabla na baada ya mazoezi, bila nguo zilizolowa. Kila kilo iliyopungua ni takribani lita moja ya jasho, na mkifanya hivyo mara kadhaa mtajua mwili wenu unahitaji nini. Uzito ukiongezeka, mmekunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari, kwa sababu maji mengi mno huzimua sodiamu ya damu. Kwenye marathoni ya Boston mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Kiu ni mshauri mzuri kwa wengi wetu. Anayefunga Ramadhani afanye mazoezi mepesi karibu na magharibi, na yale mazito ayaweke baada ya futari.

Yako mambo mawili nayapinga kwa nguvu zote. La kwanza ni kukimbia na jaketi la nailoni au kujifunga plastiki tumboni ili kuyeyusha mafuta. Kinachopungua ni maji, na yatarudi kwa glasi chache. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vikuu Marekani walikufa, wiki chache tu zikiwa zimepita kati ya wa kwanza na wa tatu, wakijikausha hivyo ili kupunguza uzito. La pili ni kufanya mazoezi na homa. Mwenye malaria, mwenye kuharisha, hata aliyekesha, apumzike; mwili wake umeanza safari ya kupanda joto kabla hajavaa viatu.

Na mtu akianguka? Msidanganywe na jasho. Wengi wanaamini kiharusi cha joto huja ngozi ikiwa kavu. Kwa anayefanya mazoezi, mara nyingi ngozi imelowa chapachapa. Tazameni akili. Anayeyumba, anayejibu mambo yasiyoeleweka, anayegombana na wenzake bila sababu, asiyejua yuko uwanja gani, huyo mwili wake huenda umepita nyuzi 40, na dakika zinahesabika. Kosa linalofanyika ni kumpakia garini mara moja, akapikika ndani ya foleni. Anapoozwa kwanza, hapohapo uwanjani, kisha ndipo anasafirishwa. Kwenye mbio za Falmouth, Massachusetts, zinazofanyika Agosti, watu 274 walitibiwa kiharusi cha joto katika kipindi cha miaka 18 kwa kuzamishwa kwenye maji ya barafu, na wote walipona.

Vifaa vyake havihitaji bajeti ya wizara. Turubai moja, watu wanne wa kushika pembe ili maji yasimwagike, ndoo kadhaa za maji, na barafu, hata ile inayouzwa soko la Feri, Dar es Salaam, kwa ajili ya samaki. Mgonjwa avuliwe viatu na nguo nzito, alazwe katikati, maji yafike kifuani, kichwa kishikwe juu ya maji, na maji yatikiswe bila kupumzika. Pasipo barafu, maji ya bomba kwa wingi, mfululizo, na mtu wa kupepea. Lengo ni kumshusha chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa. Asinyweshwe chochote akiwa hajitambui. Mmoja apige simu hospitali wakati wengine wanamwagia maji, na gari likifika kabla hajapoa, dereva asubiri.