SI KILA TUNDU NI LA KUZIBA
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya wenye pikipiki, mitaa ya Eastlands, Nairobi



 Leo tunaweka kando mikopo na michango ya mzunguko. Tutazungumza juu ya mpira mwembamba kama kalamu unaoning'inia chini ya pikipiki, ambao wengi wetu hatuujui kazi yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini si kila tundu ni ufa. Fungua kifuniko cha tangi la petroli katika pikipiki ya zamani, utazame kile kibonde kinachozunguka mdomo. Katika nyingi utaona kijitundu kidogo kuliko punje ya mahindi. Kazi yake ni kupokea petroli inayofurika na maji ya mvua. Kutoka hapo kibomba cha chuma hupita ndani ya tangi mpaka chini, na mpira hupokea kuanzia hapo kwenda karibu na ardhi. Kama pikipiki yako haina kijitundu hicho, basi usitoboe. Haikutengenezwa hivyo.

Kwa nini petroli ifurike? Kwa sababu ikipata joto huvimba. Kwenye kituo cha mafuta inakaa chini ya ardhi mahali pa baridi. Wewe unajaza lita 10 mpaka mdomoni, halafu unaegesha stejini, jua la saa sita linapiga tangi. Petroli hiyo ikipanda joto kwa nyuzi 15 tu, inaongezeka mililita 140 hivi, karibu nusu ya soda ndogo. Itakwenda wapi? Na mambo ya tarehe 14 ya mwezi tunayajua: ikisemekana bei mpya itapanda usiku, kila mtu anataka tangi lijae pomoni.

Mpira ukiwa mahali pake, petroli hiyo hushuka chini pole pole, ikaishia hewani. Lakini pikipiki zetu zimepita mikono miwili mitatu. Tangi lilishushwa kupakwa rangi, mpira haukurudishwa. Basi petroli inadondoka juu ya injini ya moto, karibu na plagi. Au mwenye pikipiki anaona matone, anadhani mafuta yake yanapotea, anapiga mpira fundo au anachomeka kijiti. Hapo amefunga mlango, lakini mgeni bado yumo ndani. Petroli itapanda kibondeni, ipite kando ya kifuniko, iteremke kwenye tangi mpaka mapajani mwa dereva na kwenye injini. Na mvua ikinyesha, maji yatatuama hapo na kuingia tangini. Pikipiki inaanza kukohoa na kuzimika njiani, na siku ya kazi imepotea.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Pikipiki zetu hulala wapi? Kayole, Dandora, Huruma, Kariobangi, jibu ni lile lile: kwa kuogopa wezi, inalala ndani. Katika korido ya ploti, chini ya ngazi, au katika chumba kile kile chenye jiko, koroboi na watoto. Hatumlaumu mtu. Pikipiki ndiyo shamba lake. Lakini petroli haina adabu ya mgeni. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo hauendi juu ya paa. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unamfuata jirani anayepika. Wala hauhitaji joto ili utoke. Hata baridi ya Julai haiuzuii.

Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa mabanda wa Sinai, petroli ilivuja kutoka bomba kubwa ikaingia mtaroni. Moto ulipowaka, zaidi ya watu 100 walikufa. Matone ya pikipiki si bomba la Sinai, tunajua. Lakini petroli ni ile ile, na nyumba zetu zimebanana vile vile.

Basi tufanye nini? Tuliketi na mafundi, na haya ndiyo ya kufuata:

1. Pikipiki iwe nje, injini imepoa, tangi liwe nusu au chini yake. Pasiwe na jiko, sigara wala mtu anayechomelea vyuma hapo karibu.

2. Pima kama njia iko wazi. Ziba mdomo wa tangi kwa kitambaa safi, kisha tia maji kidogo katika kijitundu kwa sirinji isiyo na sindano. Yakitoka chini, vizuri. Yasipotoka, vuta mpira ujaribu tena. Yakitoka sasa, basi mpira ndio ulioziba. Bado hayatoki? Mwone fundi. Usichokonoe kwa waya mgumu, kwani kibomba cha ndani ni chembamba na huenda kutu imekila.

3. Nunua mpira wa petroli. Ule wa maji unaopenyesha mwanga, au ule wa dripu ya hospitali, petroli huukausha ukapasuka. Ubane vizuri kwa klipu.

4. Upitishe nyuma ya kabureta na injini, ndani ya fremu, upande usio na ekzosi. Usiguse silinda, waya wa plagi, betri wala cheni. Ushuke tu bila kupanda tena, maana penye bonde maji na matope hukaa. Tangi na kiti visiubane.

5. Uishie chini ya fremu, nyuma ya injini, usielekee tairi la nyuma. Tairi lenye petroli huteleza. Kata ncha yake kwa mshazari, uiache wazi. Usiuunganishe na mpira wa kabureta.

6. Geuza usukani kulia na kushoto, kaa uitikise pikipiki. Mpira ukivutwa au ukikunjwa, rekebisha.

Na mpira ukidondosha petroli wakati tangi halijajaa? Hiyo ni dalili. Kibomba cha ndani huenda kimetoboka kwa kutu. Usiuzibe, tengeneza tangi. Wala usimpe mtu alichomelee hivi hivi, kwani tangi tupu lililojaa mvuke hulipuka. Kama matone yanatoka kwenye mpira wa kabureta, huenda sindano ya kabureta haifungi. Funga koki kila unapoegesha, na umwone fundi upesi.

Mengine ni ya kikundi, si ya mtu mmoja. Wakati wa kujaza, acha nafasi ya vidole viwili chini ya mdomo. Siku ya mkutano, kagueni mipira yote kabla ya kuhesabu fedha. Na hebu mfikirie mahali pamoja pa kulaza pikipiki, penye ua na mlinzi anayelipwa kwa mchango wa wote. Kila mmoja akitoa kidogo, pikipiki itatoka chumbani mwa watoto na bado haitaibwa.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, aliyewasha moto ukala shamba la jirani anatakiwa kulipa. Mazao hulipika. Mtoto wa jirani halipiki.

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni pikipiki ngapi zinalala ndani ya nyumba? Ni nini kinachowaka humo usiku?

2. Ni nani kati yetu amewahi kuziba mpira huu? Kwa nini?

3. Mahali pa kulaza pikipiki pamoja panaweza kupatikana wapi mtaani kwetu, na kila mwanachama atachanga kiasi gani?