Mkojo Ukiuma, Figo Ikiwa Dhaifu

Wapo kati yetu ambao mkojo ukiuma huenda moja kwa moja duka la dawa kununua antibayotiki ya sipro (ciprofloxacin), pengine nusu dozi. Kwa mgonjwa wa figo, tabia hiyo ni hatari kubwa.

Utafiti wa HATUA, uliofanyika Tanzania, Kenya na Uganda, ulipima mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,000. Miongoni mwa waliothibitika kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo (UTI), takriban nusu walikuwa na bakteria sugu kwa dawa za makundi kadhaa. Wagonjwa wa Tanzania walitoka Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro.

Figo ikidhoofika, dawa za kuchagua hupungua. Antibayotiki ya nitrofurantoini haifiki ya kutosha kwenye mkojo. Nyingine, jentamaisini, yaweza kuiumiza figo yenyewe. Bakteria wakishazizoea dawa zilizobaki, daktari atatibu kwa nini?

Kuotesha bakteria wa mkojo maabarani huchukua siku mbili hivi, lakini ndiko kunakoonyesha dawa inayofaa. Kipimo hicho kisogezwe karibu na wananchi. Nawe unayemuuguza mgonjwa wa figo nyumbani, tafadhali, usimnunulie antibayotiki bila cheti cha daktari.