Mchungaji Anahesabu Kondoo: Nani Hajarudi Masomoni?

Masomo: Kutoka 12:1-28 na Luka 15:3-7

Tunawasalimu ninyi wote mnaotusikia: ninyi wa Kasongo mjini, wa Kabambare, wa Wamaza na wa Salamabila, ninyi mnaokaa kando ya Lualaba na ng'ambo ya Luama. Na ninyi mtakaosoma neno hili kwenye karatasi kwa sababu redio yenu imekosa batri, neema ya Mungu iwe nanyi pia.

Jumatatu hii, tarehe 22 Februari 2021, kengele ya masomo imelia tena. Tumeona watoto barabarani asubuhi, mashati meupe yamefuliwa, madaftari yako mkononi. Tumemshukuru Mungu. Lakini leo hatutaki tuishie kwenye kushukuru. Tunataka tuulizane swali moja: je, wote wamerudi?

Kwanza tukumbuke njia tuliyopita. Tarehe 10 Machi 2020 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Korona umeingia Kinshasa. Siku nane baadaye Rais Félix Tshisekedi alisema na taifa, na kuanzia tarehe 19 Machi shule zote za Kongo zikafungwa, kanisa zikafungwa, na mkutano wa watu zaidi ya 20 ukakatazwa. Walisema majuma manne. Majuma yale yakazaa miezi. Mwezi wa nane walirudi watoto wa kalasi za mwisho peke yao, kwa ajili ya mitihani. Wengine walingoja mpaka tarehe 12 Oktoba, mwaka mpya wa masomo ulipoanza. Hata miezi mitatu haikuisha: tarehe 18 Desemba shule zikafungwa tena kwa sababu ugonjwa ulikuwa umepanda, na kutembea usiku kukakatazwa kuanzia saa tatu mpaka saa kumi na moja asubuhi. Ndipo tumefika juma hili.

Mtoto aliyekuwa kalasi ya tano mwezi wa tatu mwaka jana, hesabuni wenyewe amekaa kwenye benchi siku ngapi tangu siku ile. Sasa tufungue Neno.

Katika Kutoka sura ya 12 tunaona sikukuu ya kwanza ya Pasaka. Wengi tunapoisikia Pasaka tunafikiri mkutano mkubwa, kwaya tatu, ngoma na watu mpaka nje ya mlango. Lakini Pasaka ya kwanza haikuwa hivyo. Usiku ule kulikuwa na pigo katika nchi. Mungu aliwaambia Waisraeli kila jamaa ibaki ndani ya nyumba yake, mtu asitoke nje mpaka asubuhi. Sikukuu kubwa kuliko zote ilifanyika mlango ukiwa umefungwa!

Angalieni mambo matatu.

La kwanza: Mungu hakuifuta sikukuu kwa sababu ya pigo. Aliipa kipimo kingine. Badala ya mkutano mmoja mkubwa, kila nyumba ikawa mahali pa ibada. Ndugu, wako watu kati yetu waliosema kwamba kuosha mikono, kufunika mdomo na kukaa mbali ni kukosa imani. Tunawajibu kwa upole: Musa hakukosa imani alipowaambia watu wakae ndani. Imani yao ilionekana kwa sababu walikaa. Na katika Walawi sura ya 13, mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza aliambiwa afunike mdomo wake na akae pekee. Mambo haya si mapya kwa watu wa Mungu. Wenzetu wa Beni na Butembo waliishi na Ebola tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, na watoto wao waliendelea kusoma kwa kuosha mikono mlangoni mwa shule na kupimwa joto kila asubuhi. Maji na sabuni havimfukuzi Roho Mtakatifu.

Kwa hiyo kila shule ya kanisa letu iwe na maji mlangoni. Kama hakuna ndoo yenye robine, bidoni la lita 5 linatosha: litobolewe, lifungwe kamba, mtoto akanyage kijiti kwa mguu na maji yatoke bila kushika kitu. Kama sabuni imekosa, majivu ya jikoni yapo. Mama zetu wanaojua kushona washone barakoa za kitenge. Na pale ambapo watoto wanne wanabanana kwenye benchi moja, papa na mama wa kanisa wasaidie mwalimu: kalasi moja inaweza kusoma chini ya mwembe, nyingine ndani ya kanisa. Jengo la kanisa liko tupu kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa asubuhi. Mungu hatakasirika ubao ukisimamishwa karibu na madhabahu.

La pili: katika fungu la nne la sura ile Mungu alisema kwamba jamaa iliyo ndogo, isiyoweza kumaliza mwana-kondoo, ishirikiane na jirani yake. Neno hili tulilipita haraka siku zote. Sasa linasema nasi. Wakati shule zilipofungwa, masomo yaliletwa kwa redio. Redio Okapi ilitoa masomo, na redio nyingine nazo. Lakini redio haiko katika kila nyumba. Mwenye redio alikuwa na mwana-kondoo mzima. Jirani yake hakuwa na kitu. Na hata leo ni hivyo: nyumba moja ina kitabu cha hesabu, nyingine haina hata kalamu. Nyumba moja ina kijana aliyepata diploma ya serikali, anakaa tu barazani. Nyumba ya pili ina mtoto asiyejua kusoma jina lake. Ndugu, shirikianeni na jirani. Kijana mwenye diploma akusanye watoto watano wa barabara yake, saa moja kila jioni kabla ya giza. Asiulize kama ni watoto wa kanisa lake. Hapa Kasongo tunaishi mlango kwa mlango na ndugu zetu Waislamu, na watoto wetu wanakaa kwenye benchi moja. Hata kwa sikukuu za masomo tushirikiane hivyo hivyo. Tunajua furaha ya siku ya matokeo ya mtihani wa serikali: poda nyeupe kichwani, nyimbo, barabara nzima inakimbia. Mwaka huu furaha hiyo iingie ndani ya nyumba. Wazazi, wazee wa kanisa wawili, jirani mmoja, maombi, sahani ya mchele na sombe. Poda itamfikia mtoto hata bila watu mia moja.

La tatu: Mungu alijua kwamba siku moja watoto watauliza maana ya ibada ile, na aliwaagiza wazazi wawe na jibu. Usiku wa pigo ukawa somo la watoto! Mtoto wako naye atakuuliza: Papa, ule mwaka wa Korona mlifanya nini na masomo yangu? Utajibu nini?

Ndiyo maana tunawapeleka kwenye somo la pili, Luka 15. Mtu ana kondoo mia. Mmoja amepotea. Aliwaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta mpaka alipomwona. Tunahubiri sana juu ya kubeba kondoo mabegani, juu ya furaha ya mbinguni. Lakini kabla ya yote kulikuwa na kazi ndogo ambayo haina nyimbo: mchungaji alihesabu. Asingehesabu, angeona kundi kubwa limerudi, angefunga zizi na kulala. Tisini na tisa ni wengi! Macho hayaoni pengo la mmoja. Hesabu ndiyo inayoliona.

Wapendwa, juma hili macho yetu yameona watoto wengi barabarani. Sasa tuhesabu.

Tutamkosa msichana aliyekuwa kalasi ya pili ya sekondari. Masomo yalipofungwa alikaa nyumbani miezi saba. Leo ana mimba, au ameshapelekwa kwa mume, na mbuzi wa mahari wameshaliwa. Papa yake anasema, masomo yalifungwa, ningefanya nini? Tutamkosa kijana wa miaka kumi na mitatu. Alienda machimboni kuosha mchanga wa zahabu kwa muda tu, mpaka shule ifunguliwe. Shule imefunguliwa, yeye ameshazoea kushika pesa. Tutamkosa mtoto wa upande wa Salamabila, ambaye jamaa yake ilikimbia risasi kabla hata Korona haijafika. Kwake yeye shule ilifungwa mara mbili: kwanza na bunduki, halafu na ugonjwa.

Tuseme wazi, kwa sababu tunawapenda. Papa, mama: sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kwamba asiyefika miaka 18 ni mtoto, na inakataza uchumba na ndoa ya mtoto. Na katiba yetu ya mwaka 2006 inasema shule ya msingi ni lazima na ni bure. Tangu Septemba 2019 serikali imeanza kuifuata neno hilo. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, binti huyu ni kondoo wa Bwana. Mahari hairudishi akili iliyozimwa. Na ninyi wazazi ambao binti yenu amepata mimba, msimfukuze, msimfiche. Atazaa, atanyonyesha, halafu bibi yake atashika mtoto asubuhi naye arudi kwenye benchi. Kanisa lisimwekee kidole. Yule mchungaji alipomwona kondoo wake hakumpiga fimbo njiani. Alimweka mabegani.

Kuna mwingine wa kuhesabu, naye ni mwalimu. Walimu wengi wa shule zetu hawajaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Ada za wazazi ziliondolewa katika shule za msingi, mshahara haujafika, na katikati shule zikafungwa. Mwalimu akalima, akasukuma baiskeli ya mizigo, akauza mawese. Leo amerudi kushika chaki na tumbo lake liko tupu. Sisi tunaomba Mungu alinde masomo, naye mwalimu anaomba Mungu ampe unga. Pengine Mungu anataka kujibu maombi yote mawili kwa mfuko mmoja wa mihogo kutoka shamba lako.

Basi tufanye nini? Tunawapa kazi ya juma hili, nayo ni nyepesi kueleza.

Kila kikundi cha maombi cha nyumbani kichukue daftari moja. Andikeni majina ya watoto wote wa nyumba zenu waliokuwa wanasoma mwezi wa tatu mwaka 2020, kabla ya kufungwa. Pembeni ya kila jina andikeni: amerudi, au hajarudi. Kwa kila ambaye hajarudi, watu wawili waende kwake kabla ya Jumapili, mama mmoja na mzee mmoja, bila kelele na bila hukumu. Waulize kimekosekana nini. Pengine ni shati. Pengine ni kalamu. Pengine ni aibu tu, kwa sababu amekuwa mrefu kuliko wenzake wa kalasi. Kama yuko machimboni, mjomba wake aende amwite. Sauti ya mjomba inasikika kuliko barua ya direkta. Jumapili leteni daftari mbele, si kwa kusoma majina ya watu hadharani, bali tuliweke mezani na tuombe juu yake. Sadaka ya siku hiyo inunue madaftari, kalamu na sabuni.

Hatujui kama shule zitafungwa tena. Ugonjwa ungaliko. Lakini zikifungwa, tusikae kama watu waliofungiwa nje. Tutakuwa na majina. Tutajua mtoto gani anakaa wapi, nani ana redio, nani anaweza kufundisha nani. Waisraeli walitoka Misri wakiwa wamehesabiwa nyumba kwa nyumba. Hatusomi kwamba nyumba moja yenye damu mlangoni ilisahauliwa.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, wewe unayejua hesabu ya nywele zetu, tupe macho ya kuona pengo moja kati ya tisini na tisa. Walinde watoto wetu na ugonjwa, na bunduki, na shimo la machimbo. Wape walimu wetu chakula na moyo. Wape wazazi ujasiri wa kurudisha mahari iliyopokelewa vibaya. Mrudishe kila mtoto kwenye benchi lake, na kwako. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Ndugu, mkizima redio sasa, au mkimaliza kukunja karatasi hii, chukueni kalamu. Jina la kwanza mnalijua tayari.