Adhana ya Mombasa si ya Kitengela

(Haya ndiyo niliyozungumza na vijana baada ya Asri. Mliokosa mliomba yaandikwe.)



Naanza na kosa langu mwenyewe. Ramadhani moja nilikuwa ndani ya matatu natoka Athi River, njaa imenishika, nasikiliza redio ya Mombasa kwa simu. Adhana ya Magharibi ikalia, nikatia tende mdomoni. Mzee aliyeketi kando yangu akaniuliza, "Mwanangu, na lile jua pale ni la nani?" Nikachungulia dirishani. Jua bado liko juu ya milima ya Ngong.

Siku ile niliilipa.

Sasa sikieni. Saa za kufunga ni za jua. Mombasa iko mashariki yetu, kwa hivyo jua huchwa kwao kwanza, kama dakika 11 kabla ya Kitengela. Mandera ni karibu dakika 20. Kisumu wao wanatungoja sisi, kama dakika 9. Lakini kutoka Kitengela hadi Kajiado mjini tofauti haifiki hata dakika moja, kwa hivyo msigombane kwa hilo. Ratiba ya Nairobi inatutosha. Ukifuata adhana ya Mombasa kwa daku hutaharibu kitu, utaacha kula mapema tu. Kwa kufuturu ndiyo unajiharibia, na wanazuoni wengi wanasema swaumu hiyo inalipwa.

Tarehe nazo ni za mwezi, na hapo ndipo tunatupiana maneno kila mwaka. Mmoja amefunga na Saudia, mwingine anangoja Kadhi Mkuu atangaze muandamo. Wengine mnadhani ugomvi huu umeletwa na WhatsApp. La! Kurayb alikwenda Sham zama za Muawiya, mwezi ukaonekana kule usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina akamwambia Ibn Abbas. Ibn Abbas akamjibu kwamba wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na wataendelea kufunga mpaka wauone au watimize 30. Imo katika Sahih Muslim. Mashafii, ambao ndio wengi pwani yetu, wameshika hapo: kila eneo na muandamo wake. Wanazuoni wengi wa madhehebu mengine wanasema ukionekana popote unatulazimu sote. Zote mbili ni kauli za watu wa elimu. Mimi nafuata Kadhi Mkuu, kwa sababu nataka nifunge na kuswali Idd pamoja na majirani zangu, lakini ndugu yangu aliyefunga na Saudia sitamwita mpotevu.

Tatizo langu ni kazini. Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya taifa kisheria, na serikali hutaja siku yake mapema. Mwezi usipoonekana, Idd yetu inaangukia kesho yake, siku ya kazi. Dada zetu wa viwandani wanaenda kuomba ruhusa asubuhi ile ile, na msimamizi anauliza, "Jana haikuwa Idd yenu? Nyinyi mna Idd ngapi?" Mmoja wetu hapa alikatwa mshahara wa siku. Alinyamaza, akaona haya kueleza.

Msione haya. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inalinda haki ya kuadhimisha dini yako, hata siku ya ibada. Lakini usiingoje asubuhi ya Idd. Mwezi wa Kiislamu hauna siku 28 wala 31. Ni 29 au 30. Maana yake ni kwamba siku ile Ramadhani inapoanza, tayari unajua Idd itakuwa moja kati ya siku mbili. Andika barua wiki hiyo ya kwanza, taja tarehe zote mbili, sema utathibitisha usiku wa muandamo, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukiweza kujitolea kufidia shifti, liandike hilo pia.

Mfano wa barua nimeuacha kwa katibu wa vijana, pale mlangoni penye viatu. Chukueni mpige picha, msiibebe, ni moja tu.