Sare na Kitenge Visinunuliwe kwa Hesabu Moja



Karakana yangu iko Kangemi, kando ya Waiyaki Way. Humo tunatengeneza vitu viwili: sweta za shule na magauni ya kitenge. Kwa miaka kadhaa nilichagua wauzaji wa uzi na wa vitambaa kwa kigezo kimoja tu, bei ya chini. Kigezo hicho kilinitia hasara pande zote mbili, na kwa kuwa wengi wetu mafundi bado tunakifuata, nimeomba nafasi hii nieleze.

Mwaka 1997 Marshall Fisher, profesa wa chuo cha biashara cha Wharton nchini Marekani, aliandika makala iliyogawa bidhaa mafungu mawili. Kuna bidhaa ambazo mahitaji yake hukadirika na faida yake ni ndogo; hizo zinataka ugavi wa gharama nafuu. Kuna za mtindo, zenye faida nono, ila hakuna ajuaye wateja watataka nini mwezi ujao. Hizo zinataka ugavi wenye kasi. Fisher alikuwa akizungumzia kampuni kubwa. Mimi nayaona mafungu yote mawili chini ya paa langu moja la mabati.

Sweta ya shule ni ya fungu la kwanza. Idadi yake imo katika kalenda ya elimu. Watahiniwa wa mwisho wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, waliufanya mwaka 2023, wakaingia Kidato cha Kwanza Januari 2024. Kwa hiyo Januari 2025 hapakuwa na Kidato cha Kwanza nchini, kwani waliowafuata, wa mtaala wa CBC, walikuwa Gredi ya 9. Mfumaji wa sare za sekondari alikuwa na muda wa kutosha kulijua hilo, na kujiandaa kwa Gredi ya 10 mwaka 2026. Kalenda nayo huvunjika, kama ilivyokuwa Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, lakini ni mara chache. Hapa simtafuti mgavi mwenye mbio. Namtaka ambaye nikimpa oda Agosti, uzi utafika kabla ya Novemba, kwa bei ya kufaa, rangi ikiwa ileile.

Hapo kwenye rangi naomba nisimame kidogo. Msimu mmoja nilimpata muuza uzi aliyenipunguzia shilingi kadhaa kwa kilo. Mzigo wa kwanza wa maruni, damu ya mzee hasa, ulikuwa safi. Wa pili ulifika Desemba; tukaufumia mikono, tukaiunga na vifua vilivyokuwa tayari. Chini ya taa hakuna aliyeona kitu. Asubuhi nikaipeleka sweta moja mlangoni penye jua: mikono ilikuwa imeelekea wekundu wa nyanya. Kila mzigo ulikuwa umetiwa rangi kivyake. Tulifumua mikono sweta kwa sweta, usiku, huku wazazi wakipiga simu. Nilipokuwa nikilinganisha bei, kazi hiyo ya kufumua sikuwa nimeitia hesabuni. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni kama mzigo wangu wote utatoka pipa moja la rangi, na kipande cha kila uzi nakibandika daftarini pamoja na tarehe.

Kwenye kitenge, ambacho ni cha fungu la pili, bei ya chini ilinitia hasara kwa njia nyingine. Tuliungana mafundi kadhaa tukaagiza majora kutoka China kwa bei ya jumla. Yalikaa wiki kadhaa baharini, yakapita Mombasa, na yalipotufikia wateja wangu wa Westlands na Lavington walikuwa wamehamia maua mengine. Yakadoda stoo, na mtaji wangu ndani yake. Siku hizi nanunua Biashara Street, mwendo mfupi kwa miguu kutoka ukumbi huu, vipande vichache vya kila ua. Kila yadi naipata ghali zaidi, nami nakubali. Nashona gauni moja, nalitundika mlangoni. Likiulizwa mara mbili tatu, kesho yake nimerudi mjini kuchukua zaidi. Muuzaji wangu wa pale anakubali kukata kipande kimoja, anashika simu, na ua likiisha ananiambia limeisha.

Ipo pia njia ya kuahirisha uamuzi. Benetton ya Italia ilifuma sweta kwanza bila rangi, ikazitia rangi baada ya kujua soko linataka ipi. Mimi nina shule tatu zinazovaa maruni, kwa hiyo tunafuma sweta zote bila nembo, kisha tunadarizi nembo ya kila shule oda inapothibitishwa.

Moja ya sweta zile za Desemba haikufumuliwa. Nimekuja nayo, iko pale mezani. Wakati wa chai ichukueni mkaitazame dirishani, si hapa chini ya taa.